Kumpata kakatua mweusi: anza kwa kutazama chini

Kakatua huyu, ndege wa jamii ya kasuku aitwaye kisayansi Calyptorhynchus lathami, anaishi mashariki mwa Australia na Kangaroo Island, kisiwa kilicho kusini mwa nchi hiyo. Chakula chake takriban ni kimoja tu: mbegu za mivinje ya jamii ya Allocasuarina, ndugu wa mivinje ya pwani yetu. Kwa hiyo usihangaike na ndege, tafuta mti.

1. Chagua mvinje jike. Miti dume haizai koni, yaani vitunda vigumu vyenye mbegu, ipite.

2. Kagua chini ya mti. Hapa ndipo kazi yote ilipo, usiharakishe. Koni iliyodondoka yenyewe ni nzima, vijidomo vyake vimefunguka. Iliyoliwa na kakatua imetafunwa hadi kwenye kiini, na makapi yake yametapakaa pamoja na vijiti vilivyokatwa. Chukua makapi kiganjani. Yakiwa meupe au ya kijani na bado yana unyevu, ndege alikuwepo karibuni. Yakiwa ya kahawia nyekundu na makavu, ni ya zamani. Huwa anarudi kwenye miti ileile, hivyo makapi mabichi ni sababu tosha ya kuketi na kusubiri.

3. Sikiliza. Wengi humkosa kwa sababu wanategemea makelele kama ya kakatua weupe. Huyu hula kimya. Utasikia mdomo ukivunja koni, ta, ta, na makapi yakidondoka juu ya majani makavu kama manyunyu ya mvua.

4. Kaa umbali wa mita 30 hivi, jua likiwa mgongoni. Darubini ya 8x42, inayokuza mara nane, inatosha. Akiacha kutafuna na kuinua kichwa, umemkaribia mno. Rudi nyuma taratibu. Mbegu hizo ni ndogo sana, naye hutumia sehemu kubwa ya mchana kula ili ashibe, kwa hiyo kila akifukuzwa mtini anapata hasara. Usimchezee sauti zilizorekodiwa.

5. Hakikisha ni yeye. Dume ana kichwa cha kahawia na mabaka mekundu mkiani. Jike ana madoa ya manjano kichwani na shingoni, na wekundu wa mkia wake umekatwa kwa mistari myeusi. Mkia wa manjano mtupu ni wa spishi nyingine. Tazama pia mguu unaoshika koni: kwa wengi ni wa kushoto.

6. Ukikosa mchana, nenda kwenye bwawa lililo karibu na mivinje saa moja kabla ya jua kuzama. Hapo huja kunywa.

7. Ukiona jike akiingia kwenye tundu la mkalitusi mzee, ondoka. Hutaga yai moja tu na kulilalia takriban siku 30, huku dume akimlisha. Kangaroo Island baadhi ya mikalitusi imevishwa bati shinani ili posamu, wanyama wadogo wapandao miti, wasipande kula mayai. Mti kama huo nao usiusogelee. Picha ya kiota usiiweke mtandaoni ikiwa na alama ya mahali. Na usivunje tawi lenye koni ili kusafisha picha: moto wa 2019–2020 uliteketeza mivinje mingi ya kisiwa hicho.