Namna ya Kuamua Uishie Juzuu ya Ngapi katika Mfululizo Mrefu wa Riwaya za Kisayansi

Wanaokuja kuazima vitabu kwangu hapa Michenzani huniuliza kwanza mfululizo una juzuu ngapi, ilhali suali lenye manufaa ni wapi inapofungwa hadithi iliyofunguliwa katika juzuu ya kwanza. Nitaeleza kwa kutumia Dune ya Mmarekani Frank Herbert. Mifululizo ambayo kila kitabu kina kisa chake, kama ule wa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, haihitaji hesabu hizi. Shika chochote usome.

Hatua ya kwanza. Orodhesha juzuu zote, mwaka wa kila moja na aliyeiandika. Herbert alitoa sita baina ya 1965 na 1985, akafariki mwaka 1986. Zile zilizoanza kutoka mwaka 1999 ni za mwanawe, Brian, pamoja na Kevin J. Anderson. Piga mstari hapo, na mimi sioni sababu ya msomaji mpya kuuvuka.

Hatua ya pili. Maliza juzuu ya kwanza, kisha andika kwa sentensi moja suali lililokubakia. Likiwa halipo, ishia hapo bila ya kuona haya, kwa sababu hadithi ya Paul Atreides, aliyempoteza baba yake na hatimaye akatwaa utawala, imekamilika. Lakini ikiwa unajiuliza ushindi ule umewagharimu watu nini, basi juzuu ya pili ya mwaka 1969, ambayo ni nyembamba, ni ya lazima, kwani humo Paul ameshakuwa mfalme na jihadi iliyopiganwa kwa jina lake imeua watu kwa mabilioni.

Hatua ya tatu. Tafuta mahali wakati unaporuka. Juzuu ya tatu inamaliza habari za Paul na kuwaingiza watoto wake. Ya nne inaruka kiasi cha miaka 3,500. Kuishia ya tatu ni kama kushuka bandari ya Mkoani: umeshafika Pemba, na anayeendelea hadi Wete ajue kuwa ana safari nyengine. Asiyestahamili kisa kilichoachwa kikining'inia asianze ya tano, kwa kuwa ya sita iliacha mambo wazi na mwandishi hakuwahi kuyafunga.

Hatua ya nne. Usinunue seti nzima. Agiza moja moja kutoka Dar es Salaam, maana vitabu vinavyongojea kabatini huota ukungu wakati wa masika. Ukifika ukurasa wa hamsini wa juzuu mpya na sentensi yako haijaguswa, irudishe.