Magaga ya kisigino: lainisha, usikwangue

Safu ya juu ya kisigino ni seli zilizokufa, zimejaa nyuzi ngumu za protini iitwayo keratini. Protini nyingine, filagrini, huzifunga nyuzi hizo pamoja, kisha humeng'enyuka na kuacha viini vinavyonasa maji. Keratini yenye maji hupindika. Ikikauka hugeuka kama ukucha: bonyeza ukingo wa gaga kwa kidole gumba, utaukuta wa manjano na hauingii ndani. Ukikanyaga, nyama ya kisigino hutanuka pembeni, hasa ndani ya kandambili, na ukingo huo unachanika. Isitoshe, unyayo hauna tezi za mafuta, kwa hiyo usipoupaka hupati msaada kutoka ndani.

Usiku, loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 tu. Ukikaa nusu saa, vile viini vinavyonasa maji huchujwa, na miguu hukauka kuliko mwanzo. Sabuni ya mche iache kwenye nguo; ngozi ina pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi) ya karibu 5, sabuni hiyo hufika 9 au 10 na huondoa mafuta yanayoziba kati ya seli.

Sugua kwa jiwe taratibu, mara 2 kwa wiki, na uache kabla hujasikia maumivu. Wembe usiuguse kabisa. Ngozi iliyokwanguliwa hujikinga kwa kuota nene zaidi, na jeraha likipata uchafu linaweza kuleta pepopunda.

Kausha kwa kugandamiza taulo, kisha ndani ya dakika 3, unyevu ukiwa bado upo, paka krimu ya urea ya asilimia 10. Urea hulegeza keratini na kushika maji. Gaga sugu linahitaji asilimia 20 au 25, ila usiipake kwenye mpasuko ulio wazi, itachoma. Huna urea? Tumia gliserini juu ya ngozi yenye maji. Funika kwa mafuta ya mgando, nusu kijiko cha chai kila mguu, na uvae soksi za pamba hadi asubuhi. Fanya hivyo kila usiku kwa mwezi mzima. Siku tatu hazitoshi.

Ukiona unga mweupe kwenye mistari ya unyayo na vidole vinawasha katikati, huenda ni fangasi, na urea pekee haitaiponya. Mwenye kisukari asiloweke wala kusugua. Aende akaonyeshe miguu kituo cha afya, hata kama haimuumi.