Somo: Kutafsiri Kipimo cha Mwendo wa Watoto kwa Kiurdu na Kupima Uaminifu Wake

Kipimo tutakachokitumia katika somo hili hujulikana kwa kifupi kama FMS (Functional Mobility Scale). Kilitungwa Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2004, kwa ajili ya watoto wa miaka 4 hadi 18 wenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy). Mtaalamu humuuliza mtoto au mzazi jinsi mtoto anavyokwenda katika mita 5, 50 na 500, yaani nyumbani, shuleni na mitaani, na kila umbali hupewa alama yake: 1 ni kiti mwendo, 2 fremu, 3 magongo, 4 mkongojo mmoja au miwili, 5 ni kutembea bila msaada mahali tambarare, na 6 ni kutembea bila msaada popote. Herufi C humhusu anayetambaa, na N hutumika pale umbali usipomhusu mtoto. Maneno yake ni machache, na kwa sababu hiyo wengi huidharau kazi ya kuyatafsiri.

Hatua ya kwanza ni ruhusa. Waandikieni wenye kipimo, mkiwauliza pia kama tafsiri ya Kiurdu ipo tayari, kisha mtafute kibali cha kamati ya maadili nchini Pakistan.

Hatua ya pili ni tafsiri yenyewe. Watafutwe watu wawili ambao Kiurdu ni lugha yao ya kwanza, mmoja anayeijua fiziotherapia na mwingine asiyeijua wala kuelezwa kinachopimwa, kila mmoja atafsiri peke yake, ndipo wakae pamoja na kuandika nakala moja, pamoja na sababu za kila uamuzi. Hapa pana jambo la kuangaliwa kuliko yote. FMS huuliza mtoto hufanya nini siku zote, haiulizi anaweza nini akijitahidi mbele ya daktari. Kiurdu hutenganisha mambo hayo vizuri kabisa, *chalta hai* kwa anayetembea na *chal sakta hai* kwa anayeweza kutembea, lakini mtafsiri mwenye haraka huchukua la pili kwa kuwa linasikika la adabu zaidi, na mzazi anayejivunia hatua nne za mwanawe atajibu swali ambalo hamkukusudia kumuuliza. Tena kitenzi hufuata jinsia, hivyo maswali yaandaliwe kwa mvulana na kwa msichana.

Hatua ya tatu, watafsiri wengine wawili wasioyaona maandishi ya asili huirudisha nakala ya Kiurdu kwenye Kiingereza. Zoezi hili hufichua kilichoachwa au kilichopotoshwa, lakini nionavyo mimi limepewa heshima kupita kiasi, kwa sababu tafsiri ya neno kwa neno, ambayo hakuna mama wa Lahore atakayeielewa, hurudi kwenye Kiingereza ikiwa safi kabisa. Kamati ya wataalamu inayofuata ndiyo yenye kazi ya kukamata ugumu wa namna hiyo.

Hatua ya nne ni majaribio kwa watu 30 hadi 40. Msiwaulize kama wameelewa. Waombeni waeleze kwa maneno yao walichoulizwa. Mzazi akitajiwa mita 50 huanza kukisia urefu wa ukuta, ilhali umbali katika FMS ni mfano wa mazingira tu: kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka darasani hadi uwanjani, kutoka nyumbani hadi bazaa. Zaidi ya hayo, kwa sensa ya mwaka 2017 Kiurdu kilikuwa lugha ya kwanza ya Wapakistani wapatao asilimia 7 tu. Katika jimbo la Punjab, mhoji na mzazi watateleza kwenye Kipunjabi bila kujua, kwa hiyo amueni mapema kama jambo hilo linaruhusiwa, na liandikwe linapotokea.

Hatua ya tano ni uaminifu, yaani kipimo kutoa alama ileile kinaporudiwa au kinapotumiwa na mpimaji mwingine. Tafuteni watoto wasiopungua 50 kutoka viwango vyote vya ulemavu. Mpimaji yuleyule arudie baada ya wiki moja au mbili, na aondolewe mtoto ambaye katika muda huo amefungwa plasta, amechomwa sindano ya botulinamu ya kulegeza misuli au amepewa viatu tiba vipya. Ziepukeni likizo, maana swali la shuleni litajibiwa kwa kumbukumbu. Kwa wapimaji wawili, wakisikiliza mahojiano mamoja mnapima utoaji wa alama peke yake; wakihoji kwa zamu siku hiyohiyo, mzazi hukumbuka alivyojibu mwanzo. Njia yoyote mtakayoichagua, itajeni waziwazi. Hesabu inayofaa ni kapa, yaani kiasi cha makubaliano baada ya kuondoa yale ya bahati, na iwe yenye uzani, ambapo alama zinazoachana sana huhesabiwa kosa kubwa kuliko zinazokaribiana, kwa kila umbali peke yake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, msimamizi wangu anataka alfa ya Cronbach. Nifanyeje?*

Mweleze kwa heshima kwamba alfa hupima jinsi maswali yanayojumlishwa yanavyokwenda pamoja. Alama tatu za FMS hazijumlishwi, hivyo alfa yake haina maana hata ikiwa kubwa.

*Wapimaji wetu wamekubaliana kwa karibu watoto wote, lakini kapa imetoka ndogo. Tumekosea hesabu?*

Huenda hesabu ni sahihi. Tazama mgawanyo: ikiwa karibu watoto wote wamepata 6, kapa hushuka hata makubaliano yakiwa makubwa, kwani mengi yangeweza kutokea kwa bahati. Ripoti asilimia ya makubaliano pamoja na jedwali lote la alama.

*Herufi C na N tuziweke wapi katika kapa yenye uzani?*

Hazina nafasi katika ngazi ya 1 hadi 6, na kuzipa namba ya 0 au 7 ni kubuni pengo kati ya alama ambalo halipo. Mimi hufanya hesabu mbili: kapa isiyo na uzani kwa alama zote, herufi zikiwemo, kisha yenye uzani kwa watoto waliopewa namba na wapimaji wote wawili, nikitaja wangapi wameachwa.

*Baba humbeba mtoto hadi bazaa. Tuongeze alama ya kubebwa?*

Hapana, kwa kuwa mtakuwa mmetunga kipimo kingine. Kama mtoto hamalizi umbali huo kwa namna yake yoyote, wekeni N, na kubebwa kuandikwe pembeni. Maelezo hayo yakiwa mengi, wapelekeeni wenye kipimo, waamue wao.