Wiki moja na kamera ndogo kabla hujatoa hela

Aliyeanzisha haya ni mke wangu. Tulikuwa tunatafuta picha ya mama yangu ya kuweka ukutani, nikafungua diski moja baada ya nyingine za kazi yangu ya kupiga picha hapa Mtwara: maharusi wa Ligula, maharusi wa Chuno, sendofu ya Mikindani, watoto waliotoka jando. Mama hayumo. Nilimpata mara moja tu, nyuma ya keki ya mtu, kafumba macho. "Baba Nasra," mke wangu akasema, "una picha za Ntwara nzima, za kwako huna."

Kweli tupu. Kamera yangu ya kazi pamoja na lenzi yake inakaribia kilo 2, na mimi sijamwona mtu anayebeba kilo 2 shingoni kwenda feri, soko letu la samaki, kununua changu. Ndipo nikaanza kutafuta kamera ndogo ya kila siku. Kwa mwaka mmoja nimepitia nne: tatu za kuazima kwa wenzangu wa kazi, moja niliyoinunua nikajuta. Siku hizi vijana wakija dukani kuniuliza wanunue ipi, siwatajii jina. Nawaambia wafanye haya kwanza.

Kamera ninazozisemea ni hizi zisizo na kioo ndani, tunazoziita mirolesi. Zile kubwa za zamani zina kioo kinachopandisha taswira kwenye jicho lako, na kila ukibofya kinaruka. Hizi hazina. Ukichungulia kidirishani unaona kile kinachoonwa na sensa yenyewe, yaani kile kibapa kinachopokea mwanga (ya kamera, siyo ya watu na makazi). Panasonic Lumix G1 ya 2008 ndiyo iliyofungua njia, kwa hiyo mitumba imeshajaa, na umri usikutishe: Sony a6000 ya 2014 ina megapikseli 24, unachapa karatasi ya A2 bila aibu.

Lenzi ninayoitaka mbele ya kamera hizi ni praimu, yaani haivuti wala hairudishi, ina urefu mmoja basi (urefu ni zile milimita: zikiwa chache inaona eneo pana, zikiwa nyingi inavuta karibu). Faida yake ni wepesi na mwanga. Namba ya f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa: lenzi ya f/2 inaingiza mwanga mara 4 ya ile iliyofungwa f/4, na kwenye sebule yenye balbu moja hiyo ndiyo tofauti ya uso unaosomeka na ukungu. Tabu yake ni kwamba ukikosea urefu umekwisha. Kwa hiyo tuanze na urefu.

Chukua simu yako, fungua picha za miezi mitatu iliyopita. Kamera kuu ya simu nyingi inaona kama lenzi ya milimita 24 hadi 28 kwa hesabu za filamu za zamani. Ukibonyeza 2x unafika kama 50. Angalia mwenyewe unakaa upande gani. Mimi nilidhani ni mtu wa kuvuta sura za watu. Kumbe picha nilizozipenda zote nilikuwa karibu, na nyuma ya mtu kuna kitu: jiko, mlango, baiskeli.

Hesabu za kamera ndogo zinachanganya kidogo. Kwa Fujifilm na Sony ndogo zidisha milimita za lenzi kwa 1.5, kwa Canon ndogo 1.6, kwa Olympus na Panasonic ndogo zidisha kwa 2. Kwa hiyo lenzi ya 35 kwenye Fujifilm inaona kama 50, na ya 23 inaona kama 35. Mimi hesabu hizo nimezigeuza kuwa makochi. Ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, lenzi ya Fujifilm iliyoandikwa 35 inaona upana wa mita 2. Ya 23 inaona upana wa mita 3. Sasa pima sebule yako. Kwangu, nikiegemeza mgongo kwenye kabati la vyombo, kochi la watu watatu liko mita 3 kasoro. Kwa 35 mtu mmoja anakatwa bega, na kwa kawaida huyo ni mkwe.

Ukishaazima kamera, iazime na lenzi yake ya kuvuta ya kawaida, halafu ifunge. Zungushia ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi kwenye pete ya lenzi, igande kwenye 35, tembea nayo siku tatu. Kisha bandua, igandishe kwenye 23, siku tatu nyingine. Usitumie selotepu, inaacha gundi na mwenye kamera hatakuazima tena. Na kama lenzi ni ya kuvutwa kwa mota, mfano ile Sony ya 16-50, tepu haisaidii kitu. Ukizima inarudi yenyewe mwanzo. Hiyo itakubidi uwe na nidhamu tu.

Siku hizo usiende mahali pa pekee kutafuta picha. Boma la Mikindani la 1895 limeshapigwa vya kutosha. Pita njia zako za kila siku. Mimi yangu ni hii: asubuhi feri, mchana dukani, jioni nyumbani, Ijumaa msikitini, Jumapili kwa mama Mikindani.

Feri nilijifunza kwamba kamera ndogo haiwashtui watu. Nikija na ile kubwa naulizwa natoka gazeti gani. Nikiwa na ndogo, "Shikamoo mzee, naomba nikupige picha ukipara samaki," naambiwa "Marahaba, piga, ila samaki utanunua." Nanunua. Watoto naomba kwa mzazi, na kwenye maeneo ya bandari au ya jeshi kamera inakaa mfukoni. Feri pia ndipo utakapojua kama vidole vyako vinaelewana na kamera. Mkono mmoja una mfuko wa samaki, mwingine una maji ya chumvi. Kama kuiwasha na kupiga kunahitaji mikono miwili, utaiacha nyumbani kufikia wiki ya pili. Nakushauri uhesabu: kila siku imetoka mara ngapi kwenye mkoba? Moja ya zile za kuazima ilikuwa na picha nzuri kuliko zote, lakini siku ya tano ilitoka mara moja. Nikairudisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko megapikseli zote. Kamera ikipima mwanga inadhani kila kitu duniani ni cha kijivu. Ipe mtu mwenye kanzu nyeupe nje ya msikiti saa 7 mchana: kamera inaona weupe umezidi, inaupunguza, kanzu inakuwa ya majivu na uso wa mtu unakuwa mweusi bila macho. Hapo unaongeza, alama ya kujumlisha, hatua moja hivi (kila hatua ni mwanga mara mbili). Ipe kinyago cha mpingo: inaona giza, inaongeza, na ule weusi mzito unaong'aa unachujuka kama mkaa uliopigwa na mvua. Hapo unatoa hatua moja. Na uso wa mtu wetu ukijaza fremu ni hivyo hivyo, kamera inataka kumchujua. Toa theluthi moja au mbili za hatua.

Jaribio langu ni kinyago. Kiko juu ya kaunta dukani, mzee na mkewe wamekaa mgongo kwa mgongo, kimo chake kama chupa ya soda. Nakisogeza karibu na mlango mwanga ukipigie ubavuni, nachungulia, nazungusha kuelekea kwenye kutoa. Uzuri wa mirolesi ni kwamba unaona kidirishani weusi ukirudi kabla hujabofya: kwanza kijivu, halafu mistari ya patasi inatokeza kwenye shavu la mzee, halafu mng'aro unabaki kwenye paji la uso tu. Hapo ndipo. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji: kuongeza na kutoa kuko wapi? Fujifilm X-T20 ina gurudumu lake juu, linakaa chini ya kidole gumba. Kwenye a6000 unabonyeza kwanza kigurudumu cha nyuma upande wa chini, ndipo unazungusha. Si kosa, ila kwa mtu anayehama kutoka kanzu kwenda mpingo kutwa nzima ni safari.

Usiku ni sebuleni. Washa balbu ile ile ya siku zote, mwambie mtoto aendelee na anachofanya. f/2, shata (mlango wa mwanga) 1/125 ya sekunde, ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 3200. Tazama fokasi inashika jicho au inashika pazia. Jaribu pia ile shata ya kimya isiyo na mlio: chini ya baadhi ya taa za LED inaleta mistari kwenye picha nzima. Ikitokea, rudi kwenye shata ya kawaida.

Ukiamua kununua mtumba, kagua kwa mkono wako. Mimi ile ya kujutia niliinunua kwa simu kutoka Dar, ikaja na basi kama kifurushi cha viatu. Muuzaji alisema iko kamili, na kweli ilikuwa kamili: menyu yote Kijapani. Nikatafuta mahali pa kubadilisha lugha, hapakuwepo. Ilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Miezi miwili nilikuwa naiendesha kwa kukariri, "tatu kulia, mbili chini, bonyeza," na Nasra anacheka. Nimeiuza kwa hasara, na aliyenunua nilimwambia ukweli. Kwa hiyo washa menyu kwanza kabla ya kusifia chochote.

Halafu toa lenzi, mulika tochi ya simu kutoka nyuma, angalia kwa mshazari. Ukiona vitu kama nyuzi za buibui, huo ni ukungu ulioota ndani, na kwa unyevu wa pwani yetu hautapungua. Piga picha ya anga kwa f/16: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, dogo linafutika, lakini mkwaruzo haufutiki. Betri iliyovimba, kataa. Memori kadi ya bure inayokuja nayo, ijaze yote kabla ya kuiamini. Na panga hela ya betri ya pili, kwa sababu kamera hizi zinakula chaji kwa kuwa skrini yake inawaka muda wote. Hesabu picha kama 300 na kitu kwa betri moja.

Nyumbani naihifadhi kwenye kopo la plastiki la kufunga kabisa, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele usiweke, una vumbi. Na ukiwa kwenye pantoni ya Msangamkuu upepo unavuma, usithubutu kubadilisha lenzi. Ndiyo raha nyingine ya praimu moja: haina sababu ya kutoka.

Baada ya zile nne, nilichobaki nacho mimi ni X-T20 na lenzi ya milimita 23 f/2, vyote pamoja gramu 563. Kasoro zake nazijua. Lenzi imezibwa dhidi ya manyunyu lakini mwili haujazibwa, kwa hiyo mvua ikianza ni mkobani. Na ukikisogelea sana kitu huku ukiwa f/2, picha inalegea; funga mpaka f/4 inakaza.

Hilo la f/4 nililijulia kwa mama. Jumapili nilimkuta uani anabangua korosho za kula nyumbani, amepaka majivu mikononi ili mafuta ya ganda yasimchome. Nikachuchumaa kama sentimita 40 kutoka kwake. Ya kwanza, f/2, ililegea yote. Ya pili nikafunga f/4, nikatoa theluthi mbili, nikasubiri rungu lishuke: vidole viwili vya kijivu vimeshika ganda, ufa umeanza kufunguka, punje nyeupe inachungulia. Nikaichapa, nikaitia fremu, nikampelekea.

Akaigeuza, akaitazama nyuma, akaigeuza tena. "Mwanangu, kichwa changu umekiacha wapi?"

Jumapili ijayo narudi.