Jinsi ya kuchora mpaka wa bonde la mto kwenye ramani ya zamani ya milima

Ukipata ramani ya zamani ya topografia (inayoonyesha milima na mabonde) yenye mto wa milimani, na unataka kuchora mpaka wa bonde lake, yaani eneo lote ambalo maji yake yanateremkia kwenye mto huo, kalamu isiiguse kabisa, karatasi ile ikishachorwa ndo basi tena. Itandaze mezani, weka tresing pepa (karatasi inayoonyesha kilicho chini yake) juu, kandamiza kona kwa vitu vizito maana selotepu inabandua wino, kisha chukua penseli laini.

Hatua ya 1: soma maandishi ya pembeni. Angalia skeli, mwaka wa upimaji, na kama urefu ni futi au mita. Ramani nyingi za zamani ni futi, na futi 1 ni mita 0.3048 tu, ukichanganya hapo kilele cha futi 9,000 kinaipita Everest.

Hatua ya 2: weka alama pale unapotaka bonde liishie, mfano mito miwili inapokutana, halafu pitisha penseli ya bluu kwenye mto na vijito vyake vyote. Vingine havijachorwa, hivyo utavikuta kwenye kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa: penye kijito zinajikunja kama V na ncha inatazama juu maji yanakotoka, ila penye mgongo wa mlima ncha inatazama chini. Hapa usiharakishe jamani, mi niliwahi kuruka kimgongo kimoja kidogo tu nikajikuta nimebeba na bonde la mto wa jirani, jioni nzima ikaishia kwenye kufuta.

Hatua ya 3, na hii ndo yenyewe. Anzia kwenye alama, panda upande mmoja kwa kufuata mgongo, mstari wako ukikata kila kontua kama pembe mraba, fika kileleni, shuka kwenye kibonde kati ya vilele viwili, panda tena, zunguka mpaka urudi ulipoanzia. Ukikwama jiulize tone la mvua likidondoka hapa linateremka upande gani, ukiona linaweza kwenda kokote basi umesimama mpakani penyewe. Mstari wako ukikata mto au kijito popote nje ya ile alama, umekosea, rudi nyuma.

Hatua ya 4: eneo. Weka pepa juu ya karatasi ya grafu uhesabu miraba. Kwa skeli ya 1:50,000, mraba wa sentimita 1 ni kilomita za mraba 0.25. Ila kwanza pima ule mstari wa skeli uliochapwa chini ya ramani, karatasi kuukuu hunywea au kutanuka, na mstari nao hubadilika pamoja nayo, kwa hiyo uamini huo kuliko rula.