Umepewa timu ya kuuza sola? Anza na walioshanunua

Nyie mnaouza sola huku Tanga na mmeanza kupewa vijana wa kuwaongoza, msikae ofisini mnauliza tu "leo umeuza ngapi", panda nae bodaboda mpaka kwa mteja wa miezi mitatu nyuma, Mwambani huko au Pangani, shikamoo mama, taa zinawaka mpaka saa ngapi? Halafu nyamaza, msikilize.

Mimi nilikuta paneli ina vumbi na kivuli cha mnazi kimekata kona moja tu, kumbe hiyo kona inatosha kushusha chaji ya paneli nzima, tukaihamisha tukaifuta kwa kitambaa chenye maji, kijana wangu ndo siku hiyo akaielewa kazi, na mama akatuitia jirani yake. Na kamisheni ya kijana ilipwe kwa wakati jamani.