Hatua za Kufuata Mzazi Mwenzako Anapoomba Kubadilisha Makubaliano ya Malezi

Maombi mengi ninayoyapokea katika kazi yangu ya ustawi wa jamii hapa Tanzania huanza na uhamisho wa kazi. Tuchukulie kwamba mtoto wa miaka minane anaishi na mama yake Dar es Salaam, na baba aliyehamishiwa Dodoma anaomba mtoto akaishi naye.

Hatua ya 1: Pokea ombi kwa maandishi, wala usilijibu siku hiyohiyo. Ujumbe mfupi unatosha: “Baba Neema, nimepata ombi lako. Naomba uniandikie unataka mabadiliko gani, kuanzia lini na kwa sababu gani. Nitakujibu Jumamosi.” Nimeona wazazi waliokubali kwa uchovu au kukataa kwa hasira wakihangaika baadaye kulieleza jibu hilo mbele ya hakimu.

Hatua ya 2: Angalia kama mna makubaliano au amri ya mahakama. Makubaliano mliyoyatia saini wenyewe mnaweza kuyabadilisha kwa maandishi mengine, lakini amri hubadilishwa na mahakama, na mkipatana pembeni amri ya awali inabaki na nguvu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu amri ya malezi ibadilishwe pale ambapo mazingira yamebadilika kwa kiasi kikubwa, au ikibainika kuwa ilitolewa kwa kutegemea maelezo yasiyo sahihi.

Hatua ya 3: Lipime ombi kwa maisha ya mtoto. Hatua hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Andika wiki nzima ya mtoto ilivyo sasa: nani humwamsha, nani humpeleka shule, nani huwa nyumbani anaporudi, anasali au kusoma madrasa wapi, na akiugua usiku nani humpeleka hospitali. Kisha mwombe baba aandike wiki hiyohiyo itakavyokuwa Dodoma. Mara nyingi karatasi hizo mbili zikiwekwa pamoja, mabishano hupungua, kwa sababu pengo huonekana bila mtu kulaumiwa.

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinautanguliza ustawi wa mtoto. Kinachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema awe na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa, na kinaitaka mahakama izingatie madhara ya kumvuruga mtoto huyo mdogo kwa kumbadilishia mlezi. Mtoto wetu amevuka umri huo, kwa hiyo mama asiitegemee dhana hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, isipokuwa pale mpango huo unapoingilia masomo yake. Haki hiyo ni ya mtoto, jambo ambalo nalirudia kwa kila mzazi anayekaa mbele yangu.

Msikilize mtoto pia, lakini kamwe usimtake achague kati yenu. Muulize anapenda nini kuhusu shule yake na angependa likizo aitumie wapi.

Hatua ya 4: Jibu kwa pendekezo. Mama anaweza kutoa likizo za Juni na Desemba na siku maalumu za simu, na kuandika bayana nani atalipa nauli ya treni na nani atampokea mtoto stesheni. Ikiwa kuna kipigo au vitisho, usikutane na mwenzako kwa mazungumzo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Hatua ya 5: Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, na ikibidi mahakamani, mkiwa na barua, karatasi za wiki na cheti cha kuzaliwa. Katika kipindi chote hicho makubaliano ya zamani yaendelee: matunzo yasikatwe, na mtoto asizuiwe kumwona mzazi yeyote kwa sababu ombi bado halijajibiwa.